Opio, usiuze gitaa kwanza

Opio ndugu yangu,

Salamu sana, mimi mzima hofu ni kwako. Watoto hawajambo, mama mguu umepona anatembea hadi sokoni mwenyewe, na hapa Busia ni vumbi na foleni ya malori tu kama ulivyotuacha. Najua nimekaa kimya sana na tukionana utanisema, lakini leo nimeshika simu mbio mbio sababu jana usiku Mama Zawadi katoka huko Kampala ananiambia eti unatafuta mtu wa kununua gitaa. Lile jekundu! Anasema umelichoka, linalia kama bati linakatwa na msumeno, watu wa kanisani wamelalamika na wewe umeshataja bei. Bwana sijalala.

Usiuze. Nasema mapema kabla sijaanza kueleza, maana nikianza najua nitaenda mbali. Lile gitaa ni pesa ya harusi, Opio, zile harusi zote za Tororo tulizopiga hadi asubuhi na kula wali wa baridi, na ulilibeba magotini ndani ya taksi toka Kampala mpaka hapa hutaki hata konda alishike. Na halina ubaya wowote. Langu ni ndugu yake kabisa, umbo moja, pikapu tatu, vile vidude vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, na mwaka jana lilinitesa hivyo hivyo, kila nikirudisha swichi nyuma kwa pikapu ya daraja, ile ya mwisho pale nyuzi zinapokalia, wamama wa kwaya mstari wa mbele wanakunja uso. Nikawa napiga ya shingo tu, ile ya mbele, miezi mingi. Lakini wewe unajua, seben, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu, ukipigia shingoni inazama, kinanda kinaifunika, besi inaifunika, unabaki unacheza vidole tu hakuna anayesikia. Ile ya nyuma ndo inafanya noti itoke mbele. Tulichotaka ni itoke bila kuchoma.

Sasa fanya hivi leo leo, kabla hujaendelea kusoma. Weka swichi nyuma kabisa, halafu zungusha toni zote mbili, vile vya kuzungusha vya kupunguza ukali. Umesikia? Hakuna kinachobadilika, au siyo? Mimi nilipiga gitaa hilo miaka minne sijawahi kugundua, nilidhani toni zimekufa. Kumbe si kufa na wala si fundi wa China aliyekosea, ndivyo Leo Fender alivyoitoa Stratocaster mwaka 1954, pikapu tatu toni mbili, moja ya shingo, moja ya katikati, ile ya daraja ikaachwa uchi bila toni, na wengi wanaoiga wanaiga hadi hapo. Kwa hiyo ile kali kuliko zote ndo haina breki.

Nilifungua ile plastiki nyeupe ya mbele, skrubu kumi na moja, nikaigeuza taratibu nyaya zisikatike. Ndani ni vitu vichache sana utashangaa. Kwenye swichi kuna upande unaopeleka sauti kwa volyumu na upande unaopeleka kwa toni, na huo upande wa toni una kijiguu kimoja kitupu kabisa, kinang'aa, hakijawahi kuguswa na risasi ya kulehemu. Hicho ndo cha daraja. Nilichukua kiwaya kifupi kama ukucha wa kidole gumba, nikalehemu toka hicho kitupu hadi jirani yake wa katikati. Basi. Toni ya mwisho ikawa inatawala zote mbili. Nikaiweka kwenye saba, nikapiga, nikakaa chini kwenye kiti nikapiga tena. Na kitu kingine, hata ukiiacha kumi bila kuzungusha, ukali umeshapungua kidogo, maana sasa kuna poti ya toni, kile kidude cha ndani kinachozungushwa, imeikalia pikapu wakati zamani ilikuwa na volyumu peke yake.

Hapo kwenye poti ndo nataka unisikilize vizuri. Chini ya kila kitu cha kuzungusha kuna poti, na mgongoni au ubavuni imeandikwa namba. Zangu ziliandikwa B500K zote. Kumbe gitaa la pikapu nyembamba kama zetu kawaida linawekewa 250, zile 500 ni za pikapu nene za koili mbili. Pikapu ni koili, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na kila koili ina mahali pake kule juu kwenye trebo, sauti zile nyembamba kali, ambapo sauti inanyanyuka ghafla kama mwamba wa Tororo, na hapo ndo masikio yanaumia. Poti ya 250 inaukalia huo mwamba unakuwa kilima, ya 500 inauachia usimame wote. Watu watakwambia badilisha kapasita, kile kidude kilicholehemiwa kwenye toni, weka hii weka ile, mimi sikubali kuanzia hapo, kapasita inaanza kusikika sana ukishazungusha toni chini, ukali wa toni ikiwa wazi hauna shida na kapasita.

Poti za 250 hapa sikupata, niliuliza yule fundi wa redio wa karibu na stendi, nikamwambia pikapu inanisumbua sauti, akaniuliza ni Toyota ama Isuzu. Lakini ndo huyo huyo aliniokoa. Alikuwa na redio mbovu kwenye boksi, tukatoa rizista ya 470K, kile kidude kidogo cha kuzuia umeme, ile ya mistari njano, zambarau, njano halafu dhahabu, nikailehemu kwenye poti ya volyumu, mguu mmoja wa pembeni hadi mguu mwingine wa pembeni, yaani sauti inapoingilia na ule wa grauni. 500 na 470 zikikaa sambamba hivyo unapata kama 242, karibu kabisa na tunayotaka. Bure. 

Na usiniambie pikapu ni za bei rahisi. Ndio ni rahisi, nimeziangalia chini, ni vyuma sita na sumaku moja ya bapa imegundishwa kwa chini, si zile ambazo kila nguzo ni sumaku yenyewe. Zina makali yake. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuweka akiba ninunue nyingine na sasa ile pesa imeenda kwa ada ya shule, sijaona haja tena.

Kingine, Mama Zawadi amesema siku hizi unapiga bila waya, umenunua kile kidude cha kuchomeka. Opio! Ile kebo yetu nyeusi ndefu ya zamani ilikuwa inakula trebo, kila mita inakula kidogo, na sisi tulizoea sauti hiyo tukadhani ndo gitaa. Ukitoa kebo ule mwamba unapanda juu zaidi na kunyooka. Nashuku hata malalamiko yameanza wiki ulipokinunua. Jaribu Jumapili moja na kebo uone.

Na kabla ya moto wowote shusha pikapu ya nyuma, bisibisi tu, skrubu mbili za pembeni. Yako najua iko juu sana, wewe mwenyewe uliipandisha tulipokuwa tunagombana na ile ngoma. Bonyeza uzi mwembamba kwenye freti ya mwisho, halafu pitisha njiti ya kiberiti kati ya uzi na pikapu, ikikataa kupita ujue iko juu mno. Mimi nimeacha kama njiti moja na nusu, upande wa nyuzi nene zaidi kidogo.

Ukifungua mwenyewe angalia waya mmoja unaopita kwenye tundu kwenda nyuma kwenye springi, huo usiukate, ndo unaonyamazisha mvumo wa umeme ukishika nyuzi. Lakini ningependa usifungue, ningoje. Nakuja mwisho wa mwezi kwa mambo ya shangazi, nakuja na chuma changu cha kulehemu, tunakaa kwako barazani, ndani ya masaa mawili tumemaliza. Yule mnunuzi mwambie gitaa liko kwa fundi, si uongo.

Sasa nijibu basi. Umeshapokea pesa ya mtu au bado ni maneno tu? Poti zako zimeandikwa ngapi? Unaweza kufika Katwe ukauliza kama kuna mtu ana 250 mbili tatu, unitafutie na mimi? Ile kebo nyeusi bado unayo ama ulimpa Papaa? Na yeye Papaa anaendeleaje, bado anapiga? Na kweli ulikuwa utauza bila kuniambia?

Nipigie jioni, mchana mtandao huku unasumbua.

Wako,
Wandera