Milio ya kompyuta: ipi tunakuzimia, ipi tunakuomba uiache

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye steshenari alituletea laptopu yake akiwa amechoka nayo kabisa. "Jamani, nizimieni hizi sauti zote. Wateja wangu wanadhani mashine imekufa." Tukamuuliza inaliaje, akatuigizia: tu-dum, kimya kidogo, halafu du-tum. Fundi aliyezoea Windows anaitambua hiyo papo hapo. Wa kwanza ni mlio wa kifaa kilichochomekwa, wa pili ni wa kifaa kilichochomolewa. Mama hachomeki wala hachomoi kitu, sasa nani anachomoa?

Tulikwenda dukani kwake. Waya wa USB wa printa ulipita nyuma ya droo ya pesa, na kila alipoivuta droo kutoa chenji, waya nao ulivutwa. Printa inakatika, inarudi. Tungezima sauti kama alivyoomba, angebaki na printa inayoacha kazi katikati ya karatasi na asijue kwa nini. Tulibadilisha waya, tukaupitisha upande wa pili wa meza, na mlio ukaisha wenyewe.

Ndiyo maana ukituambia "zima sauti" tunakuuliza maswali kwanza. Mlio wa kuchomeka na kuchomoa unaojirudia bila mtu kugusa kitu mara nyingi ni waya uliolegea, tundu la USB lililochoka, au flashi na diski ya nje isiyopata umeme wa kutosha. Kama ni diski yenye kazi zako, nakili mafaili yako mahali pengine siku hiyo hiyo.

Milio mingi iliyobaki ni usumbufu tu, na unaweza kuizima mwenyewe. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kidirisha kikifunguka, nenda sehemu ya juu iliyoandikwa Sounds. Kuna orodha ndefu ya matukio, na yale yenye mlio yana alama ndogo ya spika pembeni. Watu wengi huchagua No Sounds, wakabonyeza OK wakamaliza. Hatukushauri ufanye hivyo, hasa kwenye laptopu, kwa sababu unanyamazisha na tahadhari ya betri kuisha. Umeme ukikatika jioni na wewe umezama kwenye kuchapa, mlio huo unaweza kukuokolea kazi ya saa nzima. Gusa tukio moja moja linalokukera, kama Default Beep au Asterisk, halafu kwenye kisanduku cha chini chagua None. Low Battery Alarm na Critical Battery Alarm ziache zilie. Ule muziki wa kompyuta kuwaka una kisanduku chake hapo hapo: ondoa tiki kwenye Play Windows Startup sound.

Wanaoshughulikia mitambo kanisani, msikitini na kumbini, hili ni lenu. Laptopu imeunganishwa na mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), spika ni kubwa, watu wameinamisha vichwa kwa dua, halafu "ting!" inajaa ukumbi mzima. Tumeshuhudia hivyo kwenye ibada ya mazishi, na kijana aliyekaa kwenye mitambo alitamani ardhi immeze. Alikuwa amewasha Do not disturb akaamini yuko salama. Kumbe hiyo inazuia arifa za programu, lakini mlio wa Windows wenyewe, kwa mfano ule wa kosa unapobofya pasipobofyeka, unapita. Kinachosaidia ni kubofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya spika kwenye kona ya chini, ufungue Volume mixer, uvute System sounds mpaka sifuri. Nyimbo na video zitaendelea kwa sauti yake ya kawaida. Fanya hivyo kabla watu hawajaingia, na chomeka chaja.

Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta inalia na kukuuliza kama unataka Sticky Keys. Hicho ni kifaa cha msaada kwa wenye shida ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kwao kina thamani kubwa. Kama hukihitaji, ingia Settings, kisha Accessibility kwenye Windows 11 au Ease of Access kwenye Windows 10, halafu Keyboard, uzime njia yake ya mkato. Na kama Caps Lock inalia kila ukiigusa, aliyewashwa ni Toggle Keys, naye yuko ukurasa huo huo.

Wenye Mac kazi yao ni fupi: System Settings, Sound, punguza Alert volume, ondoa tiki kwenye Play sound on startup.

Kuna arifa zinazokuja na mlio na maneno ya kutisha kwamba kompyuta ina virusi. Mara nyingi chanzo chake ni tovuti uliyobonyezea Allow siku ulipokuwa unatafuta mechi ya kutazama bure. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta Notifications, ifute tovuti hiyo. Usipige namba waliyoandika na usilipe mtu yeyote.

Mlio unaotoka skrini ikiwa bado nyeusi, kabla Windows haijaanza, hauzimwi kwa mipangilio yoyote kati ya hizi. Hiyo ni mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inalalamika, na mara nyingi tunakuta RAM (kipande cha kumbukumbu kinachochomekwa juu yake) imelegea au imejaa vumbi. Tuletee.

Na kabla hujabeba mashine kuja kwetu, inama usikilize chini ya meza. Baba mmoja alituletea kompyuta yake mara mbili, na mara zote mbili dukani ilikuwa kimya. Kilicholia ni UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, aliyoiacha nyumbani, betri yake imechoka baada ya miaka minne. Tangu hapo tunawaomba wateja warekodi mlio kwa simu, sekunde kumi tu, watutumie kwa WhatsApp na kutueleza walikuwa wanafanya nini ulipolia. Kusikiliza hatutozi, na kuzima milio pia hatutozi. Ikihitajika waya, betri au RAM, tunakutajia bei kwanza.