Shoga yangu, usikubali haraka kuwa ni mawazo tu

Tanga, Jumapili asubuhi

Mpendwa shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na mama mpe pole zangu kwa maradhi. Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Uchovu tangu unapoamka, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi za ghorofa moja tu, nywele kubaki kwenye kitana, kushtuka saa tisa usiku na usingizi usirudi. Halafu hilo la mwisho ulilolitaja kama mzaha, kwamba siku hizi unatafuna udongo. Zahanati wamekwambia ni mawazo, upumzike. Mawazo unayo, hilo sibishi. Kumuuguza mzazi huku marejesho ya kikoba yanakungoja kila Jumamosi si mchezo. Lakini hakuna aliyekuchoma hata kidole akapima damu, na hapo ndipo ninapogombana nao.

Dalili zako karibu zote ni za upungufu wa madini ya chuma, na karibu zote ni za msongo wa mawazo pia. Ndiyo maana moja huvaa kanzu ya mwenzake. Damu hubeba oksijeni kwa hemoglobini, na hemoglobini haitengenezwi bila chuma. Chuma kikipungua, moyo hulazimika kuizungusha damu hiyo hafifu kwa kasi zaidi ili misuli na ubongo vipate haki yao. Ndiyo hayo mapigo unayoyasikia masikioni ukiweka kichwa kwenye mto. Ubongo nao unahitaji chuma ili utengeneze dopamini, kemikali inayompa mtu hamasa. Ikipungua, mtu hukasirika upesi, kazi ndogo humshinda, na wengine miguu huwanyevuanyevua usiku mpaka wainuke waitembeze. Jirani akimtazama atasema huyu kaelemewa na maisha.

Udongo ndio ulionishtua kuliko yote. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni ishara kwamba akiba ya chuma imeisha. Wazee waliposema fulani ana safura, kavimba uso, viganja vimempauka, anakula udongo, walikuwa wanaona kitu cha kweli: minyoo ya safura hung'ata ukuta wa utumbo na kufyonza damu kidogo kidogo kwa miezi. Ubaya ni kwamba udongo wenyewe hukamata chuma tumboni ukatoka nacho, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo mingine au madini ya risasi. Kwa hiyo kadiri unavyotafuna, hamu inazidi. Usijione mshamba wala usijifiche. Mwambie daktari wazi, maana ni habari inayomsaidia.

Sasa mawazo yanaingiaje? Mawazo hayanyonyi damu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa adrenalini na kortisoli. Kortisoli kwa kawaida hupanda alfajiri ili tuamke na hushuka usiku. Hofu ya saa moja haina tabu, inakupa sukari ya haraka na nguvu za kukimbia. Hofu ya miezi sita huvuruga mpangilio huo: usingizi hukatika, tumbo huchafuka, hamu ya vitamu huja na hamu ya chakula cha maana huondoka. Wengine hata hedhi hupoteza tarehe zake.

Lakini madhara makubwa, kwa maoni yangu, hupitia mezani. Itazame siku yako ulivyonieleza. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana hakuna kitu, uko mbio hospitali. Alasiri chai tena kwa sababu kichwa kinauma. Usiku wali na maharage, na kikombe cha chai pembeni. Tanini ya chai hushikana na chuma cha maharage na mboga kabla utumbo haujakichukua, na kikombe kimoja pamoja na mlo kinatosha kupunguza zaidi ya nusu ya kile ambacho ungepata. Kisha kiungulia cha mawazo kikakupeleka dukani kununua dawa za kukausha asidi, wakati chuma cha mimea kinahitaji hiyo asidi ili kiyeyuke. Hizo usizifanye peremende. Kama kiungulia ni cha kila wiki, omba upimwe bakteria wa vidonda vya tumbo, kwani hao nao hupunguza chuma.

Na hedhi, shoga. Uliandika "kama kawaida yangu", nami kawaida yako naijua: siku nane, na pedi unabadilisha kila saa mbili. Piga hesabu nami. Kutoka kwenye chakula mwili hupata kama miligramu 1 hadi 2 za chuma kwa siku. Mililita 2 za damu nzuri zina kama miligramu 1. Mwanamke akitokwa na mililita 80, yaani vijiko 16 vya chai, amepoteza miligramu 40 hivi, na bado kuna kile kidogo kinachotoka kila siku kwa ngozi na utumbo. Mwezi mzima wa kula vizuri haufidii, sembuse wa chai na maandazi. Kwa hiyo hedhi yenyewe ichunguzwe. Hedhi inayozidi siku 7, au yenye mabonge makubwa ya damu, inaweza kutokana na uvimbe kwenye kizazi, na dawa ya kuipunguza ipo.

Vipimo. Usiishie kwenye HB, yaani kipimo cha hemoglobini, peke yake. Omba picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP, na ferritini ukiweza kuilipia. HB ya mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12, damu imepungua. Kwa mjamzito ni chini ya 11, kwa mwanamume chini ya 13. Ferritini ndiyo ghala la chuma, na ikiwa chini ya 15 ghala ni tupu hata kama HB bado inaonekana nzuri. Mambo mawili huwapotosha watu hapa. Kwanza, ferritini hupanda mwili ukiwa na homa au maambukizi, kwa hiyo usiipime wiki uliyougua malaria ukafurahi bure. Pili, kwenye FBP wataona MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Ikiwa chini ya 80 wengi husema moja kwa moja ni chuma. Huku kwetu pwani wapo wengi waliorithi thalasemia ndogo ya alfa, ambayo hufanya chembe ziwe ndogo bila chuma kupungua. Ferritini ndiyo inayoamua.

Ikithibitika, utapewa vidonge. Vile vya feras salfeti vya miligramu 200 vina chuma chenyewe kama miligramu 65. Watu humeza viwili au vitatu kwa siku wakidhani watapona haraka, tumbo likawasokota, wakaviacha kabatini. Sababu ni hii: ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, bawabu wa mlango wa utumbo. Ukimeza leo, bawabu hufunga mlango kwa karibu saa 24, na kidonge cha jioni kinabaki nje kikikuletea kichefuchefu na choo kigumu. Kwa mtu kama wewe, ambaye si mjamzito, kimoja asubuhi siku moja na kuruka siku moja hunyonywa vizuri na hakisumbui sana. Mwulize daktari akupangie hivyo. Mjamzito yeye afuate ratiba ya kliniki, ya kila siku.

Meza na maji yaliyokamuliwa ndimu au juisi ya chungwa, saa moja kabla ya kula. Kama tumbo linakataa kabisa, meza na chakula kidogo; bora kiingie pungufu kuliko kutokuingia. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia vikae mbali nacho kwa saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Ila choo cheusi kabla hujaanza vidonge ni jambo jingine kabisa, hiyo inaweza kuwa damu kutoka tumboni, nenda siku hiyo hiyo. Na chupa ya vidonge ifungie juu, mbali na watoto. Vinafanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Minyoo utatibiwa kwa albendazoli, mara nyingi kidonge kimoja cha miligramu 400. Lakini ukiendelea kwenda shambani peku utairudisha, kwani viluwiluwi vya safura hupenya kwenye ngozi ya nyayo.

Chakula nacho kina ujanja wake. Chuma cha nyama, maini, dagaa na samaki huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mchicha, hata kama mchicha umesifiwa tangu darasa la kwanza. Kipande cha maini mara moja kwa wiki na dagaa mara tatu au nne si gharama kubwa. Hata dagaa kidogo ndani ya sufuria ya maharage huusaidia mwili kuchukua chuma cha maharage yenyewe. Maharage na kunde loweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha pika kwa maji mapya. Hiyo hupunguza faiteti, kitu kingine kinachokishika chuma. Uji wa ulezi tumia unga wa kimea, au uache unga uchachuke kabla ya kuupika. Ndimu kamulia kwenye sahani, si ndani ya sufuria inayochemka, maana moto huiharibu vitamini C. Pera moja au kipande cha embe baada ya mlo hufanya kazi hiyo hiyo. Juisi ya bitiruti kunywa kama unaipenda, lakini wekundu wake si damu. Chuma kilichomo ni kidogo.

Chai sikunyimi, najua hutanisamehe. Iondoe tu mezani, iwe saa moja au zaidi baada ya kula, na kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu, kwa hiyo chai ya saa kumi na mbili jioni bado iko nawe unapolala, na huenda ndiyo inayoshirikiana na kikoba kukuamsha saa tisa.

Kwa huko kuamka, usibaki ukihesabu madeni kwenye giza. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano; ni ile kutoa polepole ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Asubuhi amka saa ile ile hata kama hukulala vizuri, utoke nje kwenye mwanga. Na kwenye hiyo zamu ya hospitali beba mayai mawili ya kuchemsha na chungwa. Kuhusu mama, kaka zako wapangiwe siku zao. Wana mikono kama wewe.

Ukisikia pumzi inakatika umekaa tu, kifua kinabana, au umezimia, usingoje majibu wala ushauri wangu, nenda hospitali. Vivyo hivyo HB ikiwa chini ya 7. Na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili kiasi kwamba hata watoto hawakufurahishi, au fikra za kujidhuru zimepita, hilo nalo lina daktari wake, umwambie bila aibu.

Rudia kipimo baada ya wiki nne. HB iwe imepanda angalau 1, ikiwezekana 2. Ikigoma, ama vidonge havimezwi, ama chai imerudi mezani, ama damu inavuja mahali hapajajulikana. Ikifika kawaida endelea miezi mitatu zaidi, kwa sababu ghala hujazwa mwisho. Nywele zitachelewa kuliko vyote, usizikatie tamaa wala usinunue mafuta ya elfu thelathini.

Jumatatu maabara hufungua saa mbili. Karatasi ya majibu ipige picha, pande zote mbili, unitumie.

Nakubusu, na mama mshikie mkono kwa niaba yangu.

Wako,
Zuhura