Ukuta wa bahari usikarabatiwe wakati wa kusi

Kwa Mhariri,

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Pesa zilizobaki hukimbizwa Mei na Juni, na mara nyingi ndipo mwanakandarasi hutumwa Pwani kukarabati ukuta wa bahari. Miezi hiyo kusi, yaani upepo mkali wa kutoka kusini, imeshika, mvua ya masika haijaisha, na kila maji yakijaa mawimbi yanaupiga ukuta. Zege lililomwagwa asubuhi huwa limeoshwa saruji kufikia jioni. Sisi tunaopanga kazi hizi tukiwa ofisini Nairobi ndio wa kuibadilisha kalenda hiyo. Zabuni itangazwe Julai, mawe na vyuma viwe vimefika Oktoba, na kazi ya majini ifanywe kati ya Novemba na Machi, ikianza katika siku za maleleji, kusi ikiwa imekufa na kaskazi haijavuma sawasawa.

La pili ni kile kinachoandikwa kwenye zabuni. Nyufa za usoni ndizo hupigwa picha, kwa hivyo ndizo hutengewa pesa, ilhali ukuta huanza kufa miguuni. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima hurudi kwa nguvu kuelekea chini na kukomba mchanga ulio mbele ya msingi. Mchanga ukishuka kupita kitako cha msingi, udongo wa nyuma ya ukuta hutoroka kwa chini kila maji yanapokupwa. Kule juu dalili yake ni njia ya miguu iliyotitia au shimo la ghafla kando ya ukuta. Kujaza kifusi kwenye shimo hilo ni kuilisha bahari tu, kwani mlango wa chini bado uko wazi.

Miguu hutengenezwa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mombasa, maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Fundi ana saa tatu hivi za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Achimbe vipande vya mita 2, akimaliza kimoja ndipo aende kingine, maana ukifunua msingi wote kwa pamoja ukuta utalala kifudifudi. Achimbe hadi mwamba. Mwamba ukiwa mbali, ashuke angalau mita 1 chini ya usawa wa mchanga wa msimu ulio mbaya zaidi. Mapango yaliyo chini ya msingi yajazwe zege ndani ya magunia, yaliyoshindiliwa na kubanana. Mbele yake litandikwe jiotekstaili, yaani kitambaa kizito kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, kisha tabaka la mawe madogo, halafu tabaka mbili za mawe makubwa kwa mteremko wa mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo.

Ukubwa wa mawe hayo haukisiwi kwa macho. Kwa mteremko huo na wimbi la mita 1, jiwe gumu lenye uzito wa kilo 2,650 kwa mita ya ujazo linapaswa kuwa na kilo 170 hivi. Wimbi likiwa la mita 2, uzito huo huzidishwa mara nane. Jiwe la matumbawe ni jepesi, na likiwa la kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, wimbi lile lile la mita 1 litadai jiwe la kilo 760. Anayeshusha matumbawe kwa kipimo cha jiwe gumu ameiachia bahari iyabebe.

Mgongoni adui ni maji yaliyonaswa. Bahari ikikupwa haraka na maji ya nyuma yakabaki juu kwa mita 2, kila mita moja ya ukuta husukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 2. Ndiyo sababu kuna matundu, na ndiyo sababu yanaudhi sana yakizibwa kwa plasta ili ukuta upendeze. Yazibuliwe, au yatobolewe mapya ya milimita 75 kila baada ya mita moja na nusu hadi 2, nyuma yake kukiwa na kokoto zilizofungwa kwa jiotekstaili.

Kwenye zege lenye vyuma, kupaka saruji juu ya kutu ni pesa za bure. Zege libomolewe hadi milimita 20 au 25 nyuma ya chuma, na lifuatwe mpaka chuma kisafi kionekane. Kiraka kidogo katikati ya zege lililojaa chumvi huharakisha kutu pembeni yake. Chuma kisuguliwe king'are, kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kifunikwe kwa zege la milimita 50, bora 75. Mchanga wa ufuoni usitumike. Maji yasizidi lita 20 kwa mfuko wa kilo 50, na saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano au mfano wake, inyunyiziwe maji siku 14.

Kuta kongwe za matumbawe ni habari nyingine: zijazwe viungo kwa chokaa, kwa sababu saruji ngumu hunasa unyevu ndani ya jiwe na jiwe hulika kabla ya kiungo. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, imekaa juu ya matumbawe hayo hayo.

Wenye viwanja Diani au Kilifi, wakiwemo wakazi wa Nairobi, wajue kwamba ukuta unaoishia ghafla mpakani humla jirani ufuo wake. Ncha zake zikunjwe kuelekea nchi kavu, na kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kitangulie. Mikoko nayo ipandwe kwenye hori tulivu kama Tudor na Mtwapa. Ufuo wa mawimbi huing'oa.

Mwisho, mkaguzi asafiri siku ya bamvua na awe ufuoni saa nne asubuhi, mtaro uliochimbwa mbele ya msingi ukiwa wazi. Apime kina, apige picha kitambaa na mawe ya chini kabla hayajafunikwa, na hati ya malipo isitiwe sahihi bila picha hizo. Maji yakirudi, mchanga hufunika kila kitu, na hakuna atakayejua tena kama mita ile 1 ilichimbwa.

Mhandisi wa ujenzi,
Nairobi