Barua kwa mwanangu: saa ya Hushpuppi

Mwanangu Shabani,

Hapa Morogoro hatujambo, bibi yako anakuulizia kila siku. Nimeiona picha ya Hushpuppi uliyoweka stetasi, na chini yake umeandika "Ya Rabi nipe kama huyu". Mdogo wako ndiye aliyenionyesha, usimgombeze. Dua gani hiyo, baba?

Nikakaa nikamsoma huyo mtu wako. Jina lake Ramon Abbas, tapeli wa mtandaoni wa Nigeria, kakulia Lagos kwenye maisha ya chini kama yetu. Akahamia Dubai, akapanga kwenye jumba la kifahari la Palazzo Versace, picha zake zote ni Rolls-Royce na ndege za kukodi, wafuasi Instagram wakapita milioni mbili. Juni 2020 polisi wa Dubai wakamvamia yeye na wenzake. Walitangaza kukamata magari 13, simu 47 na anwani za watu karibu milioni mbili.

Uliniambia aliwaibia mabenki tu, na benki hailii. Sikiliza basi. Mmoja wa aliowatapeli ni mfanyabiashara wa Qatar aliyekuwa akitafuta mkopo wa dola milioni 15 ajenge shule. Walimkamua zaidi ya dola milioni moja, na humo zikachotwa dola 230,000 kununua saa moja tu, Richard Mille. Shule ya watoto wa watu ikavaliwa mkononi, nanyi mkabonyeza vimoyo.

Halafu mnasema ana akili sana. Akili ipi? Mwaka 2019 ofisi moja ya mawakili New York ilipoteza zaidi ya dola 900,000 kwa sababu mfanyakazi aliandikia anwani ya barua pepe aliyodhani ni ya benki, akajibiwa apeleke fedha akaunti fulani. Ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa suti. Mimi wakala, wanaotapeliwa hivyo nawaona hapa kibandani. Kuna mama muuza mboga alikuja ada ya mwanawe imeshakwenda, ananishika mkono nimrudishie, kana kwamba hela iko kwenye droo yangu. Huyo hakuna anayempiga picha.

Na umaarufu wenyewe ndio ulimchongea. FBI, wapelelezi wa Marekani, walipekua kurasa zake. Hata keki ya siku ya kuzaliwa aliyojitangazia ikawasaidia kuhakikisha ndiye yeye. Novemba 2022 mahakama ya Los Angeles ikampa kifungo cha miaka 11 na miezi mitatu, na kumwamuru awalipe wawili kati ya aliowatapeli zaidi ya dola milioni 1.7.

Sikukatazi kutaka gari. Hata mimi nalitaka, magoti haya yamechoka na bodaboda.

Hela ya chumba nimeituma kwenye namba yako ya zamani. Ile mpya iliyoniandikia juzi kwamba ni wewe na umebadilisha laini, sijaipa hata shilingi. Kama kweli ni yako, nipigie niisikie sauti yako.

Mama yako