Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: walimu wa utajiri mitandaoni waonyeshe hesabu zao

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani, FCC,
Tanzania.

Yah: Ahadi za kipato zinazotolewa na wauza mafunzo ya biashara mitandaoni

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kazi yetu ni kuwafundisha wafanyabiashara wadogo kushika daftari: mauzo upande huu, matumizi upande ule, na kinachobaki chini yake. Tunakuandikia kuhusu watu wanaofundisha biashara bila daftari. Ombi letu ni moja. Yeyote anayeuza mafunzo ya biashara mtandaoni kwa kutaja kipato alazimike, kabla hajapokea hata shilingi, kuonyesha kipato hicho kinatoka wapi na ni wangapi kati ya waliomlipa waliokifikia.

Watu wanaulizana kila siku kama hawa wahamasishaji ni wa kweli. Kulijibu swali hilo hakuhitaji kusoma moyo wa mtu. Inatosha kujua biashara inayomlisha ni ipi: ile anayoifundisha, au kule kufundisha kwenyewe.

Chukua somo linalouzwa kuliko yote, kuku wa nyama. Hesabu inayopita kwenye laivu ni hii: vifaranga 100 kwa 200,000, chakula 250,000, mtaji jumla 450,000. Uza kuku 100 kwa 10,000 kila mmoja, umepata milioni moja, faida 550,000 kwa mwezi. Zidisha mara 12. Hapo ndipo watu wanapoanza kuomba lipa namba.

Sasa ipigwe hesabu hiyo na mtu aliyewahi kubeba mfuko wa chakula. Bei hutofautiana kwa mkoa na msimu, kwa hiyo kila mtu aweke za kwake. Sisi tuchukue mfuko wa kilo 50 kwa 75,000. Shilingi 250,000 inanunua mifuko mitatu na kitu, takriban kilo 167, sawa na kilo 1.7 kwa kila kuku hadi siku ya kuuzwa. Broila aliyekula kilo 1.7 anafikisha takriban kilo moja akiwa hai, na akishachinjwa anabaki na gramu 700 hivi. Muuza chipsi hamchukui kuku huyo kwa 10,000. Ili kuku 100 wafike uzito unaouzika katika wiki nne hadi tano, wanahitaji si chini ya mifuko sita, yaani 450,000. Ongeza 200,000 ya vifaranga, 30,000 ya chanjo na vitamini, na 40,000 ya maranda na mkaa wa kuwatia joto. Umefika 720,000. Vifo vitano kati ya mia kwa mfugaji makini ni jambo la kawaida, kwa hiyo unauza 95. Kwa 8,000 ya jumla unapata 760,000. Kilichobaki ni 40,000, na bado hujamlipa kijana anayelala bandani wala hujahesabu kodi ya banda.

Hata hiyo 40,000 ni nyepesi kama karatasi. Mnunuzi akikuahirisha wiki moja tu, kuku wa umri huo anakula gramu 150 hivi kwa siku. Kuku 95 watamaliza karibu kilo 100 kwa wiki, mifuko miwili, 150,000. Kuku wameongezeka uzito, lakini sokoni bei ni ya kichwa. Bei ikishuka hadi 7,000 kwa sababu mtaa mzima uliingiza vifaranga wiki moja, mauzo ni 665,000 na hasara ni 55,000. Chanjo nayo ina mitego yake. Ya mdondo hutolewa siku ya 7 na kurudiwa siku ya 21, ya gumboro siku ya 14. Ikikaa nje ya friji njiani, au ikichanganywa na maji ya bomba yenye klorini, imekufa kabla kuku hajainywa, na mfugaji ataligundua hilo wiki ya nne, kuku wakishamaliza chakula chote. Halafu ile zidisha mara 12: banda linahitaji kama wiki mbili za kusafishwa na kupumzika baada ya kila kundi, kwa hiyo mwaka mzima unabeba makundi saba, hayafiki 12. Kwa hesabu hii mfugaji wa kuku 100 anapata 280,000 kwa mwaka. Kwenye laivu aliahidiwa 6,600,000.

Kufuga kuku kunalipa kwa wanaofuga wengi, wenye mnunuzi wa uhakika na wanaonunua chakula kwa jumla au kukichanganya wenyewe. Hatupingi hilo hata kidogo. Tunachopinga ni somo lililoficha mistari mitatu ya daftari.

Tuitazame sasa hesabu ya upande wa mwalimu. Grupu moja la WhatsApp linabeba watu 1,024. Akilijaza kwa ada ya 30,000 kwa kichwa, amekusanya 30,720,000. Matumizi yake ni bando, matangazo ya kulipia na faili la kurasa 20. Kwa faida ya 40,000 kwa kila kuku 100, angelazimika kufuga kuku 76,800 ili apate fedha hiyo. Ndugu Mkurugenzi Mkuu, namba hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza kwa nini anafundisha kuku badala ya kuwafuga.

Mfumo wenyewe una ngazi, na anayeujua huutambua haraka. Kwanza laivu ya bure, yenye maneno ya kuamsha: kuajiriwa ni utumwa, amka, utoboe. Kisha grupu la ada ndogo, likisindikizwa na saa inayorudi nyuma na kauli kwamba zimebaki nafasi saba, ingawa kesho zinakuwa saba tena. Ndani ya grupu unaambiwa kuna kiwango cha juu, cha kukaa karibu na menta, cha laki kadhaa. Mwisho unauziwa vitu: vifaranga vyake, mashine yake ya kutotoleshea, mbegu zake, kwa bei iliyopita ya dukani. Ukishindwa, jibu limeshaandaliwa tangu siku ya kwanza kwamba tatizo ni mtazamo wako, hukujituma, una akili ya umaskini. Tunaomba Tume iutazame kwa makini mlango huu wa mwisho. Mafunzo yanayoweka lawama yote kwa mwanafunzi hayawezi kamwe kuonekana yameshindwa, na mtu aliyepoteza akiba yake anaondoka na aibu badala ya malalamiko.

Ushahidi wao mkubwa ni skrinshoti. Ujumbe wa muamala unaweza kuandikwa upya na yeyote mwenye programu ya kuhariri picha kwenye simu. Tukubali kuwa ni wa kweli: unaonyesha fedha iliyoingia, hauonyeshi iliyotoka. Mweka hazina wa kikoba naye hupokea mamilioni kwa siku moja, na si zake. Shuhuda nazo, ukizisoma vizuri, nyingi ni za watu waliofurahia somo, na wachache sana ndio waliouza bidhaa. Katika grupu la watu 1,024, shuhuda tano ni chini ya mtu mmoja kati ya 200.

Kwa wanaofundisha biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, skrinshoti ni dhaifu zaidi, kwa sababu programu zenyewe hutoa akaunti ya majaribio yenye fedha za kuigiza, na picha yake inafanana na ya akaunti halisi. Huko pia kuna kamisheni isiyotajwa. Mwalimu anakupa kiungo cha kufungulia akaunti kwa dalali fulani, na kila unapofanya muamala, ushinde au ushindwe, dalali anamkatia chake. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya aina hiyo (CFD, ya kubashiri kupanda na kushuka kwa bei) hupoteza fedha, na ikawalazimisha madalali waandike asilimia yao wenyewe kwenye matangazo. Huku kwetu, badala ya asilimia hiyo, kijana anaoneshwa gari la mwalimu.

Iko pia biashara ya mbegu, nayo imeumiza wengi. Mwaka 2013 na 2014 homa ya kware iliikumba Kenya, nasi ikatufikia. Bei ya yai ilipanda mno, lakini wanunuzi wengi hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya waliotaka kutotolesha ili nao wawauzie wafugaji wapya zaidi. Walipoisha wapya, bei ilianguka na watu wakabaki na vizimba. Kila fursa inayokuja na mahesabu mazuri iulizwe kwanza: mlaji wa mwisho ni nani, na leo ananunua kwa bei gani?

Tunajua sheria haikosekani. Kanuni ya Adhabu inakataza upatu, na viongozi wa DECI, ule mpango wa kupanda na kuvuna fedha ulioanguka mwaka 2009, walitiwa hatiani mwaka 2013. Mwaka 2021 mahakama ilimtia hatiani mfanyabiashara aliyekusanya fedha za watu kwa ahadi za faida ya kuku. Lakini kesi hizo zilihusu fedha zilizowekwa ili zizae. Mtu anayeuza somo tu, hata likiwa na hesabu ya uongo, anapita katikati. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inasajili jina la kampuni yake, na yeye analitangaza jina hilo kana kwamba serikali imemthibitisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inatoa leseni za maudhui, ila leseni hiyo haiingii ndani ya hesabu ya vifaranga.

Ndiyo maana tumekuja kwako. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Mafunzo ni huduma. Tume inajulikana kwa kukamata bidhaa bandia bandarini na madukani, na tunaona ahadi ya 550,000 kwa mwezi isiyo na daftari nyuma yake inastahili macho yale yale.

Wengine wameshaanza. Marekani ina kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2012 kwa wauzaji wa fursa za biashara: mnunuzi apewe karatasi ya ukurasa mmoja siku saba kabla ya kulipa, ikitaja muuzaji ni nani, kesi alizowahi kuwa nazo, masharti ya kurudisha fedha, na kama ametaja kipato, aambatishe maelezo yanayokithibitisha. Huko huko, mwaka 2016, yalifikiwa makubaliano ya kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi za wanafunzi wa Trump University, iliyouza kozi za biashara ya nyumba na ardhi, kwa hiyo tatizo hili halichagui nchi. Ufaransa nayo ilitunga sheria Juni 2023 inayowataka wenye wafuasi mitandaoni waonyeshe wazi kila wanapotangaza kwa malipo.

Kwetu tunapendekeza karatasi kama hiyo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Iwe na jina kamili la muuzaji na namba yake ya mlipakodi. Itaje sehemu ya mapato yake ya mwaka jana iliyotokana na mafunzo na iliyotokana na biashara anayoifundisha. Itaje idadi ya waliolipia kozi na idadi ya waliotuma ushahidi wa faida. Itaje kamisheni yoyote anayopata kwa kiungo au bidhaa anayoielekeza. Fedha irudishwe ndani ya siku saba bila maswali, na risiti ya EFD itolewe. Anayefundisha kwa haki ataijaza kwa nusu saa. Wapo wa namna hiyo, na tunawaheshimu: wanaonyesha banda lao, wanataja kundi lililokufa na sababu yake, wanamwambia mwanafunzi aanze na kuku 30 kabla ya 300, na wanamwelekeza kwa afisa mifugo wa kata na kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako mafunzo ya ujasiriamali yapo mikoani bila saa inayorudi nyuma. Watu hawa ndio wanaoumizwa na soko la kelele, kwa sababu ukweli wao unaonekana mdogo mbele ya 6,600,000.

Jambo la mwisho ni kiasi chenyewe. Ada ya 30,000 imepimwa. Hakuna atakayepanda basi, akae foleni na kuandika maelezo polisi kwa 30,000. Nauli na siku ya kazi iliyopotea vinazidi dai lenyewe. Kwa hiyo malalamiko elfu moja hayafiki popote, na anayeitazama takwimu ya malalamiko ataona shwari. Tunaomba Tume ifungue namba ya bure ya kupokea malalamiko haya kwa ujumbe mfupi, yapangwe kwa jina la muuzaji na lipa namba yake, na yakifika idadi mtakayoiweka yashughulikiwe kama shauri moja. Lipa namba ina jina lililosajiliwa nyuma yake. Pa kuanzia papo.

Tunawasilisha.

Wakufunzi wa hesabu za biashara ndogo

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA