Kosui za Mak Cik

Mwanangu,

Jumapili uliponiuliza kwenye simu nilikuwa nazipika vipi zile "kosui za mama", vile vikeki vitamu vya Kimalay vya mvuke, nilikwambia nitakuandikia. Baba yako alikuwa amekaa pembeni, na yeye anaujua ukweli. Kosui ulizokula utotoni Gombak, karibu na Kuala Lumpur, wakati baba yako anasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu, hazikuwa zangu. Zilikuwa za Mak Cik, yaani shangazi kwa Kimalay, yule mama jirani wa nyumba ya chini. Mimi nikizihamishia kwenye sahani yetu tu.

Ila kuzipika nilifundishwa, tena kwa kukemewa.

Chukua kikombe kimoja cha unga wa mchele na nusu kikombe cha wanga wa muhogo. Huko Kuala Lumpur pakiti yake imeandikwa tepung ubi kayu. Niliporudi Unguja nilitia unga wa muhogo wa sokoni, wa makopa, nikapata kitu baba yako alichokiita ugali wa sukari. Wanga ndio unaoifanya kosui iwe laini na ivutike.

Sukari ni gula melaka, gramu 200, na hii usiibadilishe. Asili yake ni maji ya ua la mnazi, yale yale ambayo kwetu mgema huyateremsha yakawa tembo. Wamalay huyawahi kabla hayajachacha, wakayachemsha mpaka yakawa mazito, wakayamimina kwenye vipande vya mianzi yagande. (Bibi yako nilipomweleza alisema, basi sisi tumepoteza minazi mingi kwa ulevi.) Iyeyushe kwa vikombe viwili na nusu vya maji pamoja na majani ya pandan uliyoyafunga fundo, halafu uchuje, maana takataka haikosi. Pandan ni ndugu wa mkadi wetu, ila sisi tunavaa maua, wao wanapikia majani.

Kisha maji ya chokaa, kijiko kimoja cha chai. Usishtuke, ni chokaa ya tambuu. Ikoroge kwenye maji, iache itulie, uchote maji maangavu ya juu. Hiyo ndiyo inayoipa kosui ule mnepo wake. Ukizidisha, ulimi utakusuta.

Sasa changanya vyote, uteleke kwenye moto mdogo huku unakoroga, mpaka uji uanze kushika mwiko, uepue. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimimina mbichi, unga ukazama chini, juu yakabaki maji ya sukari. Mak Cik alivitazama vile vikombe, akasema, "Sekali lagi." Mara moja tena. Mara moja hiyo ilikuwa siku nne.

Vikombe ni vile vidogo vya chai. Vitangulize vitupu kwenye mvuke mpaka vishike moto, ndipo umimine, na kila ukichota ukoroge tena. Mfuniko uufunge kitambaa, jasho lake lisidondokee ndani. Dakika 15 kwa moto mkali. Kosui iliyoiva vizuri hubonyea katikati, kishimo kidogo kama kitovu. Mak Cik alikuwa akikitafuta hicho kabla ya kuonja.

Ziache zipoe kabisa. Wewe ulikuwa huna subira, ukizichokoa kwa kidole zingali moto, zikakatika, ukalia.

Nazi isiwe ngumu sana. Ikune nyeupe tupu, usifike kwenye ngozi ya kahawia. Itie chumvi kidogo, uipitishe kwenye mvuke dakika 5, la sivyo kwa joto la huko haifiki jioni haijachacha. Zigaragaze kosui humo.

Gombak si mbali na unapokaa. Ukizipata zenye kishimo, mpelekee Mak Cik sahani. Mwambie mimi bado chokaa naizidisha.

Mama yako