Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: picha yangu bado iko getini

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa uvumilivu umeniishia. Jumatatu wiki hii nilikuwa nianze kazi mpya. Niliamka alfajiri, nikapiga pasi shati, nikawahi. Meneja akaniambia nisubiri kwenye benchi. Baada ya saa nzima akatoka na simu, akanionyesha picha. "Huyu si wewe?" Nikajibu ndiye mimi. Akasema pole, nenda nyumbani.

Picha ile ni ya kitambulisho changu cha kazi. Mwajiri wangu wa zamani ameikuza, akaibandika getini, na chini yake maandishi mekundu: amefukuzwa kwa wizi, atakayeshughulika naye shauri yake. Mvua ikilichana tangazo, wanabandika jingine.

Wizi gani, Mheshimiwa? Sijashtakiwa popote. Sikuitwa kwenye kikao, sikuonyeshwa hesabu yoyote. Barua ya kufukuzwa niliikuta kwa mlinzi, mkataba ukiwa umebakiza miezi minane, na mkataba huohuo unadai notisi ya mwezi mmoja. Nadhani kisa ni mizigo niliyokataa kuisainia kwa sababu haikuwa imeingia stoo. Siwezi kuapa, lakini tangu siku ile bosi hakuitikia tena salamu yangu.

Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa tuhuma za mwenendo kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Pendekezo Namba 166 la mwaka huohuo linataka cheti cha anayeondoka kitaje tarehe zake na aina ya kazi tu. Mambo ya mwenendo yaongezwe akiomba mwenyewe. Mimi cheti sijakipata hadi leo.

Ulinipokea mezani kwako, ukasoma malalamiko yangu, ukasema ndani ya siku 30 waajiri wangu wa zamani watakuwa wamejibu. Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Nikirudi, maafisa wako wananiambia kashfa ni ya mahakama. Nikienda mahakamani, karani ananiambia nimalizane kwanza na ofisi yako kuhusu mkataba. Nauli inaisha, viatu vinaisha, na picha iko palepale.

Ulisema siku 30, Mheshimiwa. Ulisema mwenyewe.

Waite. Siku moja tu, mimi na wao mbele yako, na daftari la stoo walilete. Kama niliiba, nipelekwe polisi hapohapo. Kama hawana cha kuonyesha, waibandue picha yangu na waandike kwamba walinisingizia. Mishahara ya miezi iliyobaki nitaidai, notisi nitaidai, lakini hayo yanaweza kusubiri. Picha haiwezi kusubiri. Binti yangu hupita geti lile akienda shule, na mwaka huu ameanza kujua kusoma.

Naomba uwaite.

Mtunza stoo aliyefukuzwa